Njoo Nikuone

Modemu ililia mlio wake mwembamba, ikakoroma, halafu ikanyamaza katikati ya mkoromo. Laini imekatika tena. Mvua ya El Nino ilikuwa inapiga bati la duka tangu asubuhi, na kila Mlima Meru ulipojifunika wingu, sisi wa mjini tulijua simu zitasumbua kutwa nzima. Sikunyanyuka kwenye kiti. Programu niliyoiandika mwenyewe ilisubiri kidogo, kisha ikaanza kupiga upya.

Mzee Ephraimu, aliyekaa kwenye benchi na kofia magotini, aliitazama kompyuta kwa mashaka.

"Imekataliwa?"

"Laini imekatika, baba. Itajaribu tena."

"Bila kuambiwa?"

"Nilishaiambia. Inajaribu mpaka ijibiwe."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi haina haya," alisema.

Nilikuwa binti wa Rombo, nimetoka chuo Dar na cheti cha kompyuta ambacho nyumbani hakuna aliyejua kitanifaa nini. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila mtu Arusha alikuwa anatafuta kitu kipya cha kuuza. Shantilal, ambaye familia yake iliuza karatasi na taipureta karibu na Soko Kuu tangu enzi za babu yake, aliamua kuuza barua pepe, akaniajiri. Mteja aliandika ujumbe wake kwenye karatasi, mimi nikauchapa, mashine ikapiga simu Nairobi, na kutoka huko ujumbe ukaenda duniani. Miezi ya mwanzo nilikuwa napiga na kupiga upya kwa mkono mpaka nataka kulia. Ndipo nikaandika ile programu. Ujumbe usipopata jibu kwamba umepokelewa, utumwe tena.

Mzee Ephraimu hakuwa na ujumbe ulioandikwa, ila kijikaratasi chenye anwani aliyopewa na rafiki wa mwanawe. Alikuwa mwinjilisti mstaafu kutoka kijiji cha Poli, mtu mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, na maneno yake aliniambia kwa mdomo, akiyatoa moja moja.

"Fanuel. Ni baba yako. Njoo nikuone."

"Tuongeze salamu, baba? Hali ya nyumbani?"

"Hayo yanatosha. Mimi sirudii neno."

Mvua ilipomzuia kuondoka, alinisimulia mwenyewe, macho yake yakiwa mlangoni. Fanuel alikuwa mwanawe wa pekee, alikwenda Denmark kusoma uhandisi. Mama yake alipofariki alipigiwa simu, akasema ana mitihani, na nauli hana. Mzee alimzika mkewe mgombani, majirani wakishika nafasi ambayo mtoto wa kiume angeshika. Baada ya matanga alimpelekea kijana neno moja: asije tena. Kijana akatii. Miaka ikapita, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Nilisema kwa hasira," mzee aliniambia. "Lakini nilisema."

Mvua ilipopungua alivaa kofia, akashuka ngazi za duka akiitafuta kila moja kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Nilidhani ni utelezi.

Wiki iliyofuata simu ya dukani iliita, nikasikia sauti ya mwanamume kutoka mbali, yenye mwangwi.

"Hapo ndipo zinapotoka barua za Mzee Ephraimu wa Poli?"

"Ndipo."

"Mimi ni Fanuel. Namba yenu nimeikuta chini ya barua. Naomba umwambie mzee nimezipata. Zote." Laini ilikwaruza, kisha sauti ikarudi. "Ya kwanza niliifuta, dada. Na ya pili. Nikasema, leo ndiyo ananikumbuka? Lakini zikazidi kuja, asubuhi, mchana, maneno yale yale. Baba yangu hajawahi kusema jambo mara mbili tangu nimjue. Nikajua nimemuumiza kuliko nilivyofikiri. Mwambie apumzike. Nakuja."

Nilishika mkono wa simu hata baada ya yeye kukata. Barua zipi? Mzee alituma moja.

Jibu lilikuja na mwenye kampuni ya watalii, aliyeingia dukani amefura kwa hasira. Hoteli ya Mombasa imemwekea vyumba mara nne kwa wageni wale wale. Shantilal alimpa kiti na chai, kisha akanigeukia.

"Evaresta, mashine yako ina kigugumizi?"

Nilikaa nayo mpaka nikaelewa. Ujumbe ulikuwa unafika Nairobi salama, ila laini ilikatika kabla ya jibu la "nimepokea" kurudi kwetu. Programu yangu, isiyosikia jibu, iliamini haujafika. Ikatuma tena, na tena. Dawa haikuwa ngumu: nikaupa kila ujumbe namba yake, na jamaa wa Nairobi wakakubali kwamba namba wakishaipokea, ikija tena waiache. Nikaiwekea pia kikomo, ikishindwa sana iniite mimi. Shantilal akazunguka mjini kuomba radhi kwa wateja.

Kwa Mzee Ephraimu nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta uani, anachambua kahawa kwenye ungo kwa kupapasa, uso ameuelekeza kwenye migomba. Nilipomwambia Fanuel anakuja, vidole vyake vilisimama. Kisha nikamwambia na lile lingine, kwa sababu sikuweza kumwacha ampokee mwanawe juu ya jambo asilolijua.

Aliziachia punje za kahawa zirudi kwenye ungo.

"Kwa hiyo mashine imemwomba badala yangu."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Iliongeza neno?"

"Hapana. Yale yale uliyosema."

"Basi haikudanganya." Alifuta vidole kwenye goti. "Daktari wa macho kule Moshi anasema hili la kushoto limekwenda, na hili linalifuata. Nilitaka nimwone likiwa bado linaona. Hilo sikulisema. Niliona haya."

Fanuel alifika mvua zikiwa zimekatika siku mbili tatu. Walikuja dukani pamoja kunishukuru, baba amemshika mwana kiwiko. Fanuel alikuwa mwembamba, mvi zimeanza mapema juu ya masikio, na alikuwa anaongea Kiswahili kwa uangalifu, kama mtu anayetembea kwenye nyumba aliyoihama. Shantilal aliagiza chai. Tukazungumza habari za safari, za baridi ya Denmark, za kahawa isiyo na soko. Kisha Fanuel akaweka kikombe chini.

"Baba, nimekuwa nataka kukuuliza. Kwa nini ulituma mara nyingi vile?"

Shantilal alinitazama. Mimi nilitazama meza. Nilijua mzee yule hasemi uongo, nikajua pia kwamba akisema kweli yote, kijana atabaki na barua moja tu, ile aliyoifuta.

Mzee Ephraimu aligeuza kichwa, akiutafuta uso wa mwanawe kwa lile jicho la kulia.

"Nilitaka uje," alisema.

Kisha akamvuta mkono wakatoka mpaka kwenye ngazi za duka, penye jua. Akamsimamisha pale, akamshika kidevu kama mtoto, akamgeuza huku na huku, watu wakiwapisha pembeni na mizigo yao ya sokoni.