Waya Mweusi Juu ya Rangi

Mwenye karakana aliitwa Mzee Sikio. Alifunga redio za magari tangu enzi za kaseti, na kila aliyekuwa na redio inayokoroma au kuzomea alijua pa kuipeleka. Mzee aliinamisha kichwa, akafumba macho, akataja waya ulioleta balaa. Na alikuwa na msemo wake wa kuwarushia wateja: "Siku sikio hili likinidanganya, funguo nampa mkwe, mimi naenda kulala."

Mkwe aliisubiri siku hiyo mpaka subira ikamwishia. Akaamua kuitengeneza mwenyewe.

Alimweleza mkewe, binti wa Mzee, asubuhi, huku akipaka mkate siagi. Kwenye gari la mteja mmoja, muuza magodoro, atafunga redio mpya na amplifaya, kazi safi kabisa, ila waya mweusi wa amplifaya, ule unaotakiwa kugusa chuma kitupu cha bodi, ataukaza juu ya rangi. Injini ikiwaka, spika zitapiga mluzi.

"Mzee atausikia. Mimi nitasema sisikii. Na wewe utasema husikii."

"Mimi tena?"

"Atakayeulizwa ni wewe. Mimi aliniamini lini? Na karakana ikiwa yetu, utafanya kazi humo. Si ndiyo ndoto yako?"

Hapo alimpata. Binti alizaliwa na sikio la baba yake. Alipokuwa mdogo, baba alimkalisha kiti cha mbele, akamziba macho kwa kiganja na kumuuliza waya gani umelegea, na mtoto hakukosea. Lakini alipokua akaomba kazi, baba alicheka mbele ya wateja mpaka akakohoa. "Mwanamke, kichwa chini ya dashbodi, miguu juu? Haya, ni kazi au sinema?" Kisha akamwajiri mkwe, ambaye sikio lake lilifaa kuchomekea penseli tu. Siku ile binti alicheka pamoja nao, lakini kicheko kile hakukisahau.

Mchana akapeleka chakula karakana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba huja na chakula cha moto.

Mzee alikuwa akikagua kazi ya mkwe. Aliitikisa redio, haikucheza hata kidogo. Alipapasa ukanda wa chuma ulioishika kwa nyuma, akatazama fyuzi karibu na betri, akaguna. "Leo umefunga kama mtu. Washa."

Injini ikawaka. Mluzi ukatoka kwenye spika, mwembamba kama wa mbu.

"Mluzi huo," akasema Mzee.

"Mluzi gani, baba?" akauliza mkwe.

"Kanyaga mafuta." Mkwe akakanyaga, mluzi ukapanda, akaachia, ukashuka. "Unasikia? Umeme wa alteneta unaingia kwenye spika. Waya mweusi umeukaza wapi?"

"Kwenye chuma. Mzee wangu, mimi nasikia injini peke yake."

Mzee alikuwa ameshachukua bisibisi. Angeinua tu zulia nyuma ya kiti, mchezo ungekwisha. Lakini alimwona binti mlangoni. "Mwanangu, njoo ukae."

Akakaa kiti cha mbele. Baba akamziba macho kwa kiganja chake kinachonuka risasi ya kuunganishia waya, vilevile kama zamani.

"Unasikia nini?"

Alisikia mluzi. Alijua hata unakotoka: nyuma, kushoto, chini ya zulia.

"Injini, baba."

"Na nyuma ya injini?"

"Hakuna kitu, baba."

Kiganja kikaondoka machoni pake. Mzee akaweka bisibisi juu ya dashbodi, taratibu. "Basi ni mimi," akasema. Alichomoa funguo mfukoni, akampa mkwe bila kumtazama, akaondoka bila kugusa chakula.

Hata kona hajaipita, mkwe alikuwa ameinua zulia, amekwangua rangi kwa msasa, amekaza waya upya. Spika zikatulia tuli.

Siku za mwanzo binti alifurahi, tusimfiche. Kisha akavaa suruali ya kazi akaenda karakana, na mumewe akacheka mbele ya wateja. "Wewe? Chini ya dashbodi?" Akarudi nyumbani, alikokuwa amekaa baba.

Mzee hakuamini tena sauti yoyote. Watu walipiga hodi mpaka wakachoka, yeye anautazama mlango tu. Mezani mkwe aligonga kijiko chini ya meza, akauliza, "Umesikia kitu, Mzee?" Mzee aliinama kwenye sahani akasema hapana. Mkwe alicheka mpaka akapaliwa.

Siku moja binti alikuwa nje anaanika nguo, birika la filimbi likaanza kulia jikoni. Lililia, likalia. Alingoja baba alitoe. Filimbi ikafifia, ikakoma, harufu ya chuma kinachoungua ikamfikia. Alipoingia mbio, kitako cha birika kilikuwa chekundu, na baba amekaa hapo hapo, mkono ungelifikia.

"Baba! Nyumba ingeungua!"

"Nilisikia mluzi," akasema Mzee. "Nikasema ni ule ule wangu." Kisha akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile yalikuwa na uhai. "Kwani lililia kweli, mwanangu?"

Ndiyo moja tu, na Mzee angeinuka. Lakini baba hakuwa mjinga. Baada ya birika angeuliza kuhusu gari. Binti alilishika birika kwa kitambaa, akalitumbukiza kwenye beseni la maji, likafoka mvuke.

"Hapana, baba. Lilikauka kimya kimya."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akaupapasa mkono wa binti yake, akaushika.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Bila wewe nisingejua."