Changu wa Bi Tatu

Nashilu alikuwa amepika nyama miaka kumi na mmoja na hakuna mteja aliyewahi kurudisha sahani yake. Kwa hiyo Gadiel, mwenye hoteli, alipomwambia mbele ya wenzake wote jikoni kwamba ataleta mpishi mwingine kutoka Dar es Salaam, Nashilu alidhani hakusikia vizuri.

"Si kwamba unapika vibaya, Mama Hanna," Gadiel alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Wageni wanataka samaki. Sasa mwanamke wa Kiarusha na samaki, wapi na wapi?"

Gadiel alikuwa karani wa shirika la umma mpaka lilipopunguza wafanyakazi. Kiinua mgongo chake akakijengea hoteli ya vyumba kumi na viwili pale Ngarenaro. Mwaka huo wa tisini na tatu hoteli za watu binafsi zilikuwa zinaota Arusha kila kona, na kila mwenye hoteli alikuwa akichungulia menyu ya jirani yake.

"Nipe wiki mbili," Nashilu akasema.

"Za nini?"

"Nikajifunze."

"Ukajifunzie wapi?"

Nashilu akataja mji wa kwanza wenye bahari uliomjia kichwani. "Tanga."

Kwao Olasiti samaki hakuwa chakula. Marehemu baba yake alimwita nyoka wa majini, na Nashilu mwenyewe akipita sokoni penye dagaa alibana pua na kuongeza mwendo. Jioni alipomweleza mumewe, Lemburis, mwanamume huyo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Utakula samaki?"

"Nitawapika."

"Sijauliza hivyo."

Nashilu akaendelea kukunja nguo. Asubuhi Lemburis alimbebea begi mpaka stendi.

Tanga alifikia hosteli ya kanisa. Mlinzi wa pale akamwambia kwamba kama anataka samaki, aende kwa Bi Tatu, karibu na geti la bandari. Palikuwa ni banda refu lenye meza za vitambaa vya plastiki, upande mmoja wazi kuelekea majini. Meli zilikuwa zimetia nanga mbali, na matishari, mashua bapa za mizigo, yalikwenda na kurudi yakiishusha. Wapakuzi wa mizigo waliingia kula wakiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi.

Bi Tatu alikuwa mfupi, mnene, kitambaa kichwani, vidole vimebabuka kwa mkaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikupe samaki gani, changu au kolekole?"

"Sikuja kula, mama. Nimekuja unifundishe kupika."

Bi Tatu akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Kwenu wapi?"

"Arusha."

"Na samaki gani unampenda?"

"Sijawahi kula samaki."

Meza ya wapakuzi ikaangua kicheko. Bi Tatu hakucheka. "Jikoni kwangu haingii mtu asiyekula ninachopika. Utajuaje chumvi imepungua? Utajuaje ameiva? Kaa pale, ule kwanza."

Aliletewa changu mzima wa kupaka, aliyechomwa na kupakwa tui, ana kichwa na jicho, amelala juu ya wali wa nazi. Nashilu akamega kipande kidogo kama ukucha, akakimeza kama kidonge cha malaria. Cha pili hakikufika. Alikimbilia nyuma ya ukuta, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza alisukutua mdomo, akarudi, akalipia sahani nzima.

"Kesho," alimwambia Bi Tatu.

"Karibu," Bi Tatu akajibu, tayari ana mteja mwingine.

Siku ya pili aliomba akatiwe kichwa. Bi Tatu alikataa. "Kichwa ndicho kitakachokwambia huyu ni mzima au ameoza. Ukikikwepa hicho, utajifunza nini?"

Nashilu akageuza sahani ili mkia umwelekee yeye. Alikuwa anavunjavunja mnofu na kijiko, na miba inamchoma ufizi, mpakuzi mmoja aliyekaa mbele yake aliposhindwa kuvumilia.

"Dada, weka kijiko chini. Mimi Elinami, Mpare wa Usangi. Nilipofika hapa hata harufu ilinishinda. Mwezi mzima nilikula maharage." Akamwonyesha kwa samaki wake mwenyewe: vidole vinaanzia mgongoni, mnofu unafunguka, uti unanyanyuka wote pamoja na miba yake. "Usipigane naye. Mfuate alivyoumbwa."

Nashilu alikula nusu ya ubavu mmoja. Alitoka na jasho, akaenda kukaa kwenye ukuta wa bandari. Safari hii hakutapika.

Siku ya tatu hakunywa chai asubuhi, makusudi. Alifika kwa Bi Tatu saa nane mchana, njaa inamuuma, akaosha mikono na kuanza mgongoni kama alivyoonyeshwa. Kwanza alisikia moshi wa mkaa. Halafu ndimu, halafu tui zito lililoungulia kidogo kwenye ngozi, na chini ya vyote hivyo mnofu laini usiofanana na nyama yoyote aliyowahi kuipika. Akamega tena. Ulikuwa mtamu. Jambo hilo lilimkasirisha, maana alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuna aliyewahi kumwambia.

Alikula mpaka sahani ikabaki uti na kichwa. Kisha akainua mkono.

"Mama, leo ndimu imezidi kuliko jana."

Bi Tatu akatoka jikoni akifuta mikono, akachovya kidole kwenye mchuzi uliobaki, akakiramba.

"Ni kweli," alisema. "Ingia ndani."

Alikaa humo jikoni siku nane. Alipara magamba mpaka yakamgandia kwenye nywele. Alijifunza kwamba ngisi akikaa motoni akasahauliwa anageuka mpira, na kwamba tui zito haliachwi lichemke bila kukorogwa. Zaidi ya yote, Bi Tatu alimfunga kitambaa machoni na kumpa samaki wa leo na wa juzi, amtaje kila mmoja kwa kugusa na kunusa. Mara ya kwanza alikosea wote. Siku ya mwisho hakukosea hata mmoja.

Alirudi na kasha la samaki lenye barafu. Basi likaharibika mbele kidogo ya Same, na abiria wakakaa juani mpaka jioni. Alipofika Arusha hoteli ilikuwa imejaa, na Gadiel alikuwa ameshawatangazia wageni kwamba usiku huo kuna samaki. Nashilu akafungua kasha. Macho ya samaki yalikuwa yamezama. Akainua shavu la mmoja: matamvua anayopumulia yalikuwa ya rangi ya udongo.

"Hawa hawapikwi," alisema.

"Weka pilipili na vitunguu vingi," Gadiel akamwambia kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mama Hanna, ukiwatupa hao, hesabu umeacha kazi."

Nashilu akalibeba kasha mwenyewe, akawamwaga samaki wote kwenye shimo la taka, akawamwagia mafuta ya taa ili asije mtu akawaokota. Kisha akarudi jikoni, akafunga aproni na kuwachomea wageni mbuzi. Gadiel alimwangalia bila kujua aanzie wapi kumfukuza mtu anayefanya kazi.

Nyumbani Lemburis alimnusa kabla hajakaa.

"Umekula."

"Nimekula. Ni watamu."

Lemburis akaitazama mikono ya mkewe. "Basi mikono hiyo uioshe kabla hujagusa kibuyu cha maziwa."

"Nitaiosha," Nashilu akajibu.

Kesho yake alimpa dereva wa basi la Tanga barua ampelekee Bi Tatu: barafu maradufu, ichanganywe na chumvi, kasha lizungushiwe maranda ya mbao, na Elinami alipakie kwenye basi la usiku kusiwe na jua. Alhamisi alfajiri alikuwa stendi kabla ya basi kuingia. Alilifungua kasha palepale chini. Macho yalikuwa yamevimba na kung'aa, matamvua mekundu.

Alimpelekea Gadiel samaki mmoja mpaka ofisini, akamwinulia shavu. "Angalia. Hivi ndivyo wanavyotakiwa kuwa."

Gadiel akaangalia, akanusa, akanusa tena. "Nimekuelewa. Nenda kapike."

"Andika kwanza."

"Niandike nini?"

"Kwamba mimi ndiye mpishi mkuu hapa, na samaki akiwa mbovu, neno langu ndilo la mwisho."

"Wageni wakishakula, tutazungumza."

"Barafu inayeyuka, Bwana Gadiel."

Gadiel akavuta karatasi yenye jina la hoteli. Nashilu alisimama pale akiisoma kila sentensi ilivyokuwa ikiandikwa, akamfanya aongeze tarehe na kugonga muhuri. Akaikunja, akaiingiza mfukoni mwa aproni, na kwenda jikoni kuwasha mkaa.