Alhamisi ya Presha Nakivale

Daktari Enid Kemigisha alikulia katika kambi ya jeshi Mbarara, na Kiswahili alikipata humo humo, kwa baba yake koplo na kwa wake za askari waliokuwa wakiitana mlango hadi mlango. Mwaka 1996, alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari, mama yake alivimba miguu, kisha uso, akafa kabla ya mvua kuanza. Daktari mmoja alisema moyo, mwingine akasema figo. Enid akabaki akijiuliza kwa nini hakuna aliyempima presha mapema, wakati mama bado analima na kucheka.

Swali hilo ndilo lililompeleka kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka kumi baadaye. Alitaka kujua ni wakimbizi wangapi wanaotembea na presha ya juu bila kuhisi chochote, huku moyo na figo vikiharibika polepole. Chuo kikuu alikofanya kazi kilimpa gari, mashine tano za kupimia na miezi kumi na minne. Mkalimani wa lugha asizozijua alimpata pale pale: Appolinaire, muuguzi wa zamani kutoka Fizi, Kongo, mrefu, mcheshi, asiyevua kofia yake ya sufu hata jua likiwaka.

Siku ya kwanza watu waliziogopa mashine. Appolinaire akakunja mkono wa shati.

"Munipime mimi kwanza, docteur. Batu baone."

Enid akampima. Mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Akarudia, ikawa vile vile.

"Mashine yako imeharibika!" Appolinaire akasema kwa sauti. Watu wakacheka, woga ukawatoka. Lakini jioni, kijiti cha kupimia mkojo wake kilipogeuka rangi ya kijani iliyokolea, dalili kwamba figo zimeanza kuharibika, hakufanya mzaha tena. "Nilikuwa infirmier miaka kumi na mbili," alisema. "Nilipimaka kila mutu. Mimi mwenyewe hapana."

Enid akawa anamnunulia vidonge kwa pesa zake mwenyewe. Wakazunguka vijiji pamoja, wakapima watu elfu moja na mia tatu, wakachukua damu na mkojo. Kila aliyekutwa na presha aliandikiwa barua ya kwenda zahanati, na karibu kila mmoja alirudi na barua yake mkononi. Zahanati ilikuwa na dawa za malaria, za kuhara na za minyoo. Za presha hazikuwepo.

Utafiti ulipokwisha, Enid alirudi Mbarara. Mara mbili alimtumia Appolinaire dawa kwa lori la mahindi lililokuwa likipitia Kabingo kwenda kambini. Kisha akapata nafasi ya kwenda Ubelgiji mwaka mzima kuchambua takwimu zake, na huko, kati ya baridi na hesabu, akaacha kutuma.

Aliporudi, mwaka 2009, alikwenda Nakivale moja kwa moja. Yvette, mke wa Appolinaire, alikuwa anapepeta maharage mbele ya nyumba. Hakuinuka.

"Alikufaka mwezi wa tatu," alisema. "Alivimba, pumuzi ikakosekana. Mulipimaka batu mingi hapa, docteur. Mulibeba damu, mulibeba mukojo. Dawa iko fasi gani?"

Enid alisimama pale mpaka Yvette alipobeba ungo wake, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mwaka uliofuata makala yake ilichapishwa. Barua zikamjia kutoka Brazili, India, Uholanzi. Watafiti wengine wakaitaja makala hiyo mara hamsini, kisha mara mia mbili, na chuo kikampa cheti mbele ya watu. Jioni hiyo alirudi kwenye nyumba aliyoishi peke yake tangu mume wake, Meddy, ahamie Kampala kwa mwanamke mwingine. Akakiweka cheti mezani, akachemsha chai, akajikuta amemimina vikombe viwili. Akawasha redio ili nyumba iwe na sauti.

Kwa miaka minne alizifuata ofisi za wakubwa wanaopanga dawa za kambi. "Daktari, malaria kwanza," walimwambia. Mmoja aliomba nakala ya jedwali lake la nani apimwe na nani atibiwe, akaitia kwenye droo, na baada ya hapo kimya. Ilikuwa mwaka 2014 dereva wa chuo aliposema, kama habari ya kawaida tu, kwamba Nakivale sasa kuna siku ya presha, kila Alhamisi.

Enid alikwenda bila kumwarifu mtu. Benchi la zahanati lilikuwa limejaa. Ukutani palibandikwa mwongozo wa matibabu: nani apimwe mkojo, nani apewe dawa za miezi mitatu. Jedwali lilikuwa lake, mstari kwa mstari. Jina lake halikuwemo. Aliketi kwenye nafasi iliyobaki, na mwanamke aliyekuwa kando yake akageuka. Alikuwa Yvette.

"Umezeeka, docteur."

"Nimezeeka. Unakuja hapa kila mwezi?"

"Kila miezi tatu. Hii dawa iko muzuri. Mimi niko muzima." Yvette akaitazama pakiti ya vidonge iliyokwisha mkononi mwake. "Jina ya Appolinaire iko mu kitabu yenu?"

Enid alitamani kumwambia kwamba karatasi ile ukutani ilitoka mikononi mwake na mwa Appolinaire.

"Majina hatuandiki," alisema. "Tunaandika namba. Yeye ni namba moja."

"Moja," Yvette akasema taratibu, kama anayejaribu uzito wa kitu. Jina lake likaitwa. Akaingia, akatoka na dawa zake, akazifunga kwenye pindo la kitenge na kushika njia ya shambani. Hakuaga.

Watu wakapungua mmoja mmoja, mpaka Enid akabaki peke yake kwenye benchi. Muuguzi kijana, Angella, akachungulia mlangoni, akamdhania mkimbizi.

"Nyabo, mama yangu, wewe iko kijiji gani?"

"Natoka Mbarara."

"Mbarara! Na umekuja kuona nani huku?"

Enid aliangalia njia aliyopita Yvette. Vumbi lilikuwa limekwisha kutulia.

"Nilikuja kuona kama watu wanakuja," alisema.

"Banakuja, nyabo. Wengi sana," Angella akasema, akaanza kukunja mkanda wa mashine yake ya presha.