Anga Jeusi la Baba

Siku hizo, ukiingia sebuleni kwetu uliiona ile picha kabla hujamwona mwenye nyumba: wingu la waridi na samawati limekunjuka katikati ya weusi wa masizi, ndani ya fremu nzito ya mbao. Ni nebula ya Orion, gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Baba aliipiga juu ya paa letu kwa darubini aliyoiunda mwenyewe, na gazeti likaichapisha. Mgeni asiyeisifu aliletewa chai iliyopoa.

Baba alikuwa fundi miwani, lakini mtaa mzima ulimwita Profesa, naye hakuona sababu ya kubisha. Alinifundisha kuhariri picha za nyota kwa kanuni moja: anga lazima liwe jeusi tii. "Ukiona ukijivu, huo ni uchafu wa taa za mji," alikuwa akisema. "Futa." Nami nikawa nafuta.

Kisha akaanguka ngazini, miguu ikakataa. Kaka yangu alikuwa na watoto wadogo na visingizio vikubwa. Mimi sikuwa na mume, kwa hiyo nikaachiwa baba. Kwa miaka miwili nilienda studio ya picha za harusi asubuhi, nikarudi mchana kumgeuza, nikakimbilia studio tena. Kengele ya baiskeli aliyoifunga kitandani ilinifuata hadi bafuni. Nilimpenda. Pia kuna siku nilisimama jikoni nimefungulia maji bure, ili tu nisiisikie.

Barua ikaja. Kituo cha kuangalia nyota, safari ya siku mbili kutoka kwetu, kilinitaka nikahariri picha zao, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Shangazi, dada yake baba, alikuwa tayari kuhamia kwetu.

"Ila sikanyagi hapo mpaka baba yako aseme mwenyewe nije," aliniambia. "Namjua. Atanigomea hata uji."

Nilipomgusia baba, hakunitazama hata usoni. "Utawafanyia nini hao?" akasema. "Bado hujajua kuangalia."

Maneno yale yaliniuma. Nikaamua kumwonyesha.

Picha zake mbichi, zisizohaririwa, za usiku alioipiga Orion zilikuwa kwenye diski ya zamani, mia na themanini, zote za wingu lile lile. Kazi ni kuzipanga moja juu ya nyingine mpaka mwanga hafifu ukusanyike, kisha kuuvuta taratibu uonekane. Studio ilikuwa imenifundisha kitu ambacho baba hakukijua: suti nyeusi ina mikunjo, na ukiizidishia weusi, bwana harusi anabaki kichwa na mikono. Basi Jumatano asubuhi, kwenye kompyuta ya studio, sikufuta. Niliondoa mwanga wa taa peke yake, kidogo kidogo, nikauacha ukijivu uliobaki.

Likatokea vumbi. La kahawia, jembamba, limetanda pembe hadi pembe kama moshi wa kuni. Lilikuwa humo kwa miaka tisa, na baba alikuwa amelifuta akidhani ni taa za mji.

Nikaichapisha, nikamwekea mapajani. Niliogopa kumwaibisha, lakini niliogopa zaidi Ijumaa ipite. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kidole chake kikalifuata lile vumbi hadi ukingoni.

"Hili lilikuwemo?"

"Lilikuwemo, baba. Picha ni zako zile zile."

"Nami nikalifuta."

"Ndiyo."

Macho yakamlowa. "Umenipita, mwanangu," akasema.

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu utotoni. Nikaikamata barua mfukoni, nikafungua mdomo.

"Ziko picha nyingine arobaini na mbili za anga nilizozifuta hivyo hivyo," akaniwahi. "Tutazirudia zote, mimi na wewe. Nami nilikuwa najiuliza kila asubuhi naamkia nini."

"Shangazi anaweza kuja…" nikaanza.

"Shangazi yako ajue nini cha nyota?" Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ngazi ile.

Shangazi huniuliza mpaka leo kwa nini sikumalizia sentensi yangu. Humjibu kwamba baba alikuwa anacheka.

Akaniagiza niishushe ile ya zamani ukutani, niweke yangu mahali pake. Nikageuza fremu juu ya meza, nikaipachika picha mpya. Karatasi yake ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, ikawa inacheza kwenye kioo.

"Tia kitu nyuma," baba akasema kutoka kitandani. "Karatasi yoyote."

Nikaitoa barua mfukoni, nikaikunja mara mbili. Ikatosha.

"Haya, baba," nikasema, nikikaza misumari. "Tuanze na ipi?"