Msamaha wa Kodi wa Mama Mikate

Siku ilipopita sheria kwamba biashara inayoajiri watu waliotoka gerezani haitalipa kodi, Mama Mikate alifurahi hadi akaunguza mikate ya tanuri zima. Wafanyakazi wake wote walikuwa wametokea huko huko.

Ofisi ya kodi ilimpokea kwa makofi. Afisa akapiga naye picha, akamwita mfano wa kuigwa, kisha akasema, "Sasa mama, lete cheti cha polisi cha kila mfanyakazi, kuonyesha hajawahi kufungwa."

"We mwanangu, si nimewaajiri kwa sababu walifungwa?"

"Ndiyo, lakini serikali haiwezi kubeba wahalifu."

"Haya, nimwajiri nani basi?" Mama Mikate alifoka.

Afisa akakuna kichwa, akashusha sauti.

"Yupo shemeji yangu. Huyo hawajawahi kumkamata."