Hodi ya Kipande cha Mwisho

Usiku wa jana niliota, simu ikiwa bado mkononi, kwamba nimesimama ndani ya swichi. Siyo ile ya taa. Nasema swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachopokea nyaya za kompyuta na kugawa mawasiliano. Mimi ni fundi wa mitandao, na sijisifu bure: mji mzima wa Same, mtandao ukigoma, wanamtafuta Naelijwa.

Lakini jana ulinishinda. Mama yangu amelazwa huko kwetu milimani, kifua kinambana, na tangu juzi hasemi neno. Picha ya kifua chake ilitumwa kwa daktari mjini, ikakwama njiani. Daktari alisema isipofika hadi asubuhi, mama ateremshwe kwa machela. Mnaijua ile njia mvua ikinyesha. Niliogopa, sifichi.

Basi, ndani ya swichi kuna ukumbi wa harusi. Kwenye viti vya plastiki vimekaa vipande vya picha ya mama. Picha haisafiri nzima. Hukatwa vipande, kila kipande kikafungwa kwenye pakiti yenye anwani yake, halafu vyote huungwa tena mwisho wa safari. Hayo nayajua, ni kazi yangu. Sikujua tu kwamba vikifika hupewa soda.

Mlangoni amekaa Kidhibiti, anayeamua nani aingie. Ni kadi ya kijani, kubwa kama mlango wenyewe, anatafuna karanga. Namwamkia, anaitikia kwa kuwasha taa. Namwuliza habari za picha ya mama. Ananijibu kwamba wote wamefika isipokuwa mmoja, na Itifaki, mwenye kanuni za mtandao, haruhusu picha itoke ikiwa na tundu. Itifaki mwenyewe yuko pembeni, bibi mwenye miwani, anatikisa kichwa kuthibitisha.

Natoka kukitafuta hicho kimoja. Naingia kwenye waya, na waya ni njia ya kwetu, ile inayopita kwenye migomba, tangawizi imeanikwa kila upande. Kipande kimekaa juu ya jiwe, kimejifunga kanga.

Nakiuliza kinafanya nini huku wakati wenzake wanakunywa soda.

"Nilipiga hodi mara tatu," kinasema. "Sikuitikiwa, nikarudi."

Kinanieleza kwamba mlangoni palikuwa na kelele. Video za vichekesho zilikuwa zinaingia kwa kusukumana, hakuna hata moja iliyobisha hodi. Nakiambia kingesukuma nacho, mbona wenzake walipita.

"Mimi ni kipande cha pafu la kushoto la mama yako. Nisukume mlango wa watu?"

Huyo ni mama kabisa. Mama akipiga hodi ya tatu pakawa kimya, anageuza, hata kama anaona moshi jikoni na kusikia watu wanacheka. Tulikuwa tunamcheka kwa hilo. Leo, katikati ya waya, nikaona fahari.

Nikakibeba mgongoni kwa kanga yake. Ni chepesi, na kinapumua kwa shida.

Kidhibiti anatuzuia. Huyu, anasema, hodi zake zimekwisha. Sheria ni tatu.

"Zake zimekwisha," namwambia. "Zangu hazijaanza."

Anataka anwani yangu kamili. Nikajinyoosha nikampa: Naelijwa binti Mbwambo, mzaliwa wa Mbaga, fundi. Mama yangu ni Nakunda, aliyepanda tangawizi mimi nikasoma, na mzigo huu ni wake. Bibi Itifaki akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

Napiga hodi. Kimya.

Napiga ya pili. Kimya. Video ya mbuzi anayecheza ngoma inanikanyaga mguu, inapita bila hata samahani.

Hodi ya tatu nisipoitikiwa, nami nitageuza, maana aliyenilea ni yuleyule. Na mama atateremshwa kwenye ile njia. Nikajaza kifua, nikaipiga.

"Karibu!"

Sauti imetoka juu, darini. Kidhibiti anadondosha karanga.

"Si mimi niliyeitikia," anasema.

"Imeitikiwa, imeitikiwa," anasema Itifaki. "Mpishe."

Kipande kikashuka, kikaingia, kikawaamkia wakubwa kiti kwa kiti, bila kumruka hata mmoja, ndipo kikakaa. Ukumbi mzima ukaungana ukawa kifua cha mama, kinapanda, kinashuka.

Nikaamka, simu inalia mkononi. Ni mdogo wangu Elifuraha, ndiye anayemwuguza mama. Picha imefika alfajiri, anasema. Daktari ameiona, dawa zipo hapohapo, mama asiteremshwe popote. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikalia kidogo, nikajifuta.

Elifuraha hakukata simu. Akaniambia mama ameongea.

"Alikuwa usingizini," akasema. "Akaita 'Karibu!' mpaka wodi nzima ikaamka. Namwuliza, mama, unamkaribisha nani? Akanitolea macho. 'Humsikii dada yako? Hodi ya tatu hiyo, na nyie mmekaa tu.'"