Upande wa Mlangoni

Jina la Masafa hakujipa mwenyewe, alilipata barabarani. Alishika usukani wa malori ya safari ndefu tangu ndevu zake zikiwa za kutafuta kwa tochi hadi zilipogeuka mvi tupu, na muda wote huo nyumbani alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alipostaafu akauza malori yake mawili aliyoyachuma kwa jasho, kisha akatangaza sebuleni kwamba sasa ni zamu ya mkewe. Atanunua nyumba ya magurudumu, yenye kitanda, jiko na bafu lake, amtembeze mama wa watu barabara zote alizokuwa akimsimulia kwenye simu.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na wakati wa tangazo hilo alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola ya shati alilokuwa akilishona, ndipo akajibu.

"Mimi na magari basi, baba watoto. Gari lilikuchukua kwangu una nywele, limekurudisha una kipara. Leo nalo nilipande, nilishukuru?"

Masafa akacheka, maana kipara chake hakuwahi kukionea haya. Lakini jibu lile lilimkaa kooni. Kwa miaka alikuwa akijipa raha kichwani kwa kumwona mkewe yuko ubavuni mwake, kavua viatu, anamenya chungwa, naye anamwonyesha milima kwa kidole. Bila mkewe, nyumba ile ya magurudumu ingekuwa lori tu lililotiwa mapazia. Hilo alilijua, wala hakuwa mjinga wa kujidanganya.

Hata hivyo akapiga moyo konde, akaenda kwa mafundi.

Wapo watengenezaji wakubwa wa magari hayo, wale ambao kwao unaingia asubuhi ukiwa na miguu yako na jioni unatoka umeendesha. Masafa hakwenda huko. Alikwenda kwenye karakana ya ndugu wawili, dada mtu seremala na kaka mtu fundi umeme, nyuma ya duka la vioo, ambako lilitengenezwa gari moja tu kwa wakati mmoja na wateja walisubiri zamu kama wajawazito kliniki. Dada mtu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Watu walimwita Bi Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, na walioalikwa naye harusini wanasema hata huko alikwenda nayo.

Siku hiyo Masafa alimkuta pale daktari wa meno mmoja mstaafu, kaleta gari lake likazwe bawaba. Masafa akamuuliza kilichomfanya asubiri muda wote ule ilhali pesa anayo na maduka yapo.

"Nilikuwa nalo la dukani kwanza," daktari akasema. "Zuri, linang'aa. Lakini nililala humo kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Hili nikiinyoosha mikono tu, inajua swichi iko wapi. Huyu mama hakunipimia gari, alinipima mimi."

Masafa akaingia ofisini na kumwaga kila kitu alichokitaka. Mtu aliyelala nyuma ya usukani ujana wake wote hana haja ya kufikiri sana. Maneno yalimtoka kama anasoma. Birika liwe hapa, alifikie kwa mkono wa kushoto bila kunyanyuka. Ndoano ya kikombe hapa. Taa ya kusomea hapa, kioo cha kunyolea pale, sanduku la spana ubavuni mwa dereva, karibu karibu, maana ukiharibikiwa njiani hutaki kufukua. Bi Futi alisikiliza bila kumkatiza, akauliza maswali mawili matatu, kisha akamweleza utaratibu wao.

Kabla ya kugusa bati la gari, hujenga ndani yote kwa plaiwudi, juu ya sakafu ya karakana, kwa ukubwa ule ule wa kweli. Kisha wote watakaolala humo huja kuishi ndani yake kwa mchana mmoja: wapike chai, wajilaze, wagombane wakitaka. Bi Futi hukaa kwenye kigoda akiwatazama. Asipokuja hata mmoja wao, kazi haianzi.

"Mke wangu ana kazi nyingi," Masafa akajaribu kupiga chenga. "Nitamjibia mimi. Namjua ndani nje."

"Waume wote huniambia hivyo, baba," Bi Futi akasema. "Mwambie aje."

Hapo ndipo alipobanwa. Aliyeishi maisha yake yote bila kumbembeleza hata askari wa barabarani alianza kumbembeleza mshonaji nyumbani kwake. Alichemsha chai mwenyewe. Alifagia nyuzi chini ya cherehani bila kutumwa, jambo lililomtia mkewe wasiwasi kwamba pengine ni mgonjwa. Mwisho akasema wazi kwamba hamwombi asafiri, anamwomba tu akakae ndani ya sanduku la mbao lisilokwenda popote.

"Halina hata injini," akasema.

"Gari lisilo na injini ndilo gari zuri," mkewe akajibu, akachukua mkoba.

Karakana ilinukia gundi na vumbi la mbao. Gari la plaiwudi lilikuwa limesimama katikati, tupu, bila rangi wala matairi, na Masafa alipoliona alivimba kichwa. Akapanda wa kwanza, kwa mazoea, akajitupa kwenye kiti cha dereva.

"Karibu ndani, mama watoto."

Mkewe akapanda. Akasimama mlangoni na mkoba wake mkononi, akatafuta pa kuutua, hakupaona. Masafa hakuligundua hilo, alikuwa mbioni kuonyesha. Akalifikia birika kwa mkono wa kushoto, bila kunyanyuka, kama alivyotaka. Akatundika kikombe kwenye ndoano. Akawasha taa ya kusomea. Kila kitu kilimjia mkononi chenyewe, akasikia raha ya mtu aliyevaa kiatu chake cha zamani. Huko nyuma Bi Futi alikuwa kwenye kigoda, kimya, na kaka yake alikuwa kaegemea meza ya kazi akijifanya anamenya waya.

"Ndoano ni moja," mkewe akasema.

"Ya kikombe."

"Naona. Na mimi nakaa wapi?"

"Popote!" Masafa akasema, akageuka amwonyeshe hiyo popote. Ubavuni mwa dereva palikuwa na sanduku la spana. Nyuma yake palikuwa na kabati. Kioo kilikuwa juu, mama wa watu angejiona utosi tu. Akamgeukia fundi. "Bi Futi, hapa si tulisema kiti?"

"Nilikuuliza, baba. Ukasema spana."

Ndivyo alivyofanya kazi Bi Futi, hakumbishia mteja. Alijenga alichoambiwa, kisha akamwacha mwenye kusema ajigonge nacho goti. Kaka yake akakohoa kikohozi kirefu kilichofanana sana na kicheko.

Mkewe naye akaanza kucheka. Kicheko kilianza kwa pua, kikapanda, akajikuta kakaa ukingoni mwa kitanda anajifuta machozi kwa kanga. "Baba watoto," akasema alipopata pumzi, "hili ni lori."

Masafa alitamani sakafu ipasuke. Alitazama birika lile, kikombe kile na taa ile, akaona alichokifanya. Alikaa siku nyingi akimpangia mkewe zawadi, kumbe mikono yake ilikuwa ikimpangia mtu mmoja, yule yule wa siku zote, anayekula peke yake akiwa ametazama kioo cha mbele. Hakuna mwingine angekosea vile. Mwalimu angesahau jiko, mganga angesahau sanduku la spana, lakini kumsahau abiria ni kosa la dereva wa lori.

"Nimejipangia peke yangu," akasema taratibu. "Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ndiyo maana nacheka."

Bi Futi akainuka kwenye kigoda, na hapo ndipo utaratibu wa kunyamaza ulipokwisha. Akatoa chaki mfukoni, akaja hadi kitandani.

"Tuanze upya na hapa," akasema. "Mama, unalala upande gani?"

Masafa akaona njia ya kujiokoa. "Ukutani," akadakia. "Huyu siku zote hulala ukutani. Hilo nalijua hata nikiwa nimelewa, na mimi sinywi."

Kicheko cha mkewe kikakatika.

"Mlangoni," akasema.

"Mama watoto, acha utani. Ukutani."

"Wewe ukiwapo, ndiyo." Alikuwa akimwambia Bi Futi, hakumtazama mumewe. "Watoto walipokuwa wadogo walikuwa na kifua kibaya wote wawili, sikuweza kulala mbali na mlango. Mmoja akikohoa lazima nisikie kabla hajalia. Nikazoea. Hata walipokua na kuhama, mimi ni mlangoni. Sasa huyu akirudi safari, nasogea ukutani, nampisha. Ataondoka kabla hakujakucha, ananyata kama mwizi asiniamshe, mimi niko macho namsikia. Mlango ukifungwa, narudi mahali pangu."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza alivyopanga sufuria. Fundi umeme akaacha kumenya waya.

Ujana wake wote Masafa alijivunia ule mnyato. Aliamini kwamba mkewe amelala fofofo, na kwamba kumwacha alale ndiyo ilikuwa zawadi yake kwake. Hakujua kwamba kitanda alichokiita chake kilikuwa kikitandikwa upya kwa ajili yake kila aliporudi, kwamba alikuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe na mwenye nyumba hakuwahi kumwambia, asije akajisikia vibaya. Aliona aibu, ndiyo, lakini kilichozidi hakikuwa aibu. Kilikuwa shukrani, na ilimwelemea kwa sababu alikuwa amechelewa nayo sana.

"Asante," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kusogea."

Mkewe akafungua mkoba, akatafuta kitu ambacho hakikuwamo, akaufunga. "Haya," akamwambia Bi Futi. "Piga chaki. Mimi mlangoni."

Chaki ikapigwa. Na mama huyo alipokwisha kupewa nafasi moja, akazichukua zote. Sanduku la spana likahamishiwa nje, chini ya ubavu wa gari. Kiti chake kikakaa mbele, sambamba na cha dereva, chenye dirisha lililoshushwa mpaka kwenye kiwiko. Kioo kikashuka. Ndoano zikawa nne, kwa sababu watoto nao watakuja kutembea. Birika likahama kutoka kwa Masafa, asimame kulifuata, maana hospitalini alishaambiwa atembee.

"Na hapa meza ya kukunjua," akasema, akipima kwa shubiri. "Nikija, naja na cherehani."

Masafa alilisikia lile nikija. Hakuthubutu hata kupumua kwa nguvu.

"Sijasema nakuja," mkewe akaongeza, bila kugeuka.

Wala hakusema anakuja katika miezi yote ya kutengenezwa kwa gari. Lakini kila wiki alipata sababu ya kupita karakana. Mara apeleke kitambaa cha mapazia, mara akatae rangi ya kabati. Walikaa na Bi Futi kwenye mbao zilizorundikwa, wakanywa chai na kuwasengenya waume wa wateja. Masafa aliyajua hayo kwa fundi umeme, akashukuru kimoyomoyo, akakaa kimya, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu kuliko kupandisha lori mlima likiwa na shehena.

Siku ya kukabidhiwa walikuta karakanani mume na mke waliokuja kuulizia. Mume alikuwa akilalamikia foleni. Masafa, ambaye hakuombwa neno, akatoa neno.

"Subirini, bwana. Ingieni kwanza kwenye lile la plaiwudi. Na ukisikia anaulizwa mkeo, funga mdomo."

Kisha akamshika Bi Futi mkono kwa mikono yake yote miwili. Hotuba aliyoiandaa ikamruka, akaishia kuutikisa tu ule mkono mpaka futi ikadondoka shingoni mwa mwenyewe. Alipogeuka, mkewe alikuwa anapanda ngazi ya gari, kakumbatia cherehani kifuani.

"Twende," akasema, "kabla sijabadili mawazo."

Waliendesha mchana kutwa. Chungwa lilimenywa, milima ilionyeshwa, na mkewe akasema mmoja ni mdogo kuliko alivyosimuliwa. Jioni wakaegesha kando ya ziwa wakalala, kila mmoja upande wake.

Alfajiri Masafa akafumbua macho. Mwili wake haukuhitaji saa, miguu ilikuwa tayari imeanza kutafuta viatu. Ikagonga ukuta. Upande wa pili alikuwapo mkewe, kalala chali, mkono mmoja unaning'inia nje ya godoro, anakoroma kwa raha zake, na mlango ulikuwa nyuma yake. Masafa hakuwa na njia ya kutoka bila kumwamsha, na kumruka kwa umri ule kungekuwa kuomba kulazwa hospitali. Tena tuseme ukweli, haja ndogo ilikuwa imembana vibaya.

Akajikaza. Akalala akiusikiliza ule mkoromo, ambao kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuusikia saa kama hiyo, kwa sababu saa kama hiyo hakuwapo, na aliyekuwa kitandani alikuwa macho. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mama wa chaki, akamshukuru na huyu aliyemziba njia.

Mkewe akafumbua jicho moja. "Unataka kupita?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Lala, mama," Masafa akasema. "Sina pa kwenda."